Karakana ya Nyumbani Mlolongo: Sakafu, Umeme, Kisha Zana

Karakana ya nyumbani ni chumba au banda lililotengwa ndani ya ploti ya makazi kwa ajili ya kuunda na kukarabati vitu: gari la familia, mlango wa chuma, kabati, pampu ya maji, baiskeli ya mtoto. Katika mji wa Mlolongo, kandokando ya barabara ya Mombasa upande wa Mavoko, Kaunti ya Machakos, karakana ya namna hii huanza mara nyingi kama banda la kuegeshea gari. Sanduku la spana huwekwa pembeni, mashine ya kuchomelea hufuata, na haupiti muda gari linalala nje kwa sababu ndani hamna nafasi. Karakana nyingi za aina hii zina zana nzuri sana. Zilipoharibikia ni kwenye mpangilio wa fedha: mashine zilinunuliwa kabla ya sakafu kumwagwa vizuri na kabla ya umeme kuvutwa inavyotakiwa. Drili mbovu hubadilishwa kwa siku moja. Sakafu iliyopasuka na nyaya zilizofukiwa ukutani haziguswi bila kubomoa, na ndiyo maana hustahili kupewa fedha kwanza.

Ploti nyingi za makazi katika eneo hili ni za futi 40 kwa 80, au 50 kwa 100, na nyumba yenyewe huchukua sehemu kubwa. Nafasi inayobaki huruhusu karakana ya mita 3 kwa 6, ambayo ndiyo ndogo kabisa inayofaa kwa mtu anayetaka kuingiza gari ndani. Toyota Probox, gari linaloonekana kila kona ya Mlolongo, lina urefu wa takriban mita 4.2 na upana usiofika mita 1.7. Likisogezwa karibu na ukuta mmoja, upande wa pili hubaki njia ya zaidi ya mita moja ambamo mtu anaweza kuchuchumaa na kufungua gurudumu, na mbele hubaki nafasi ya benchi la kazi lenye kina cha sentimita 60. Mlango usipungue upana wa mita 2.4. Anayeweza kuongeza nusu mita ya upana asisite, kwa kuwa nusu mita hiyo huhitajika kila siku, ilhali urefu wa ziada hugeuka stoo.

Mpangaji wa fleti hana uwanja huo, na Mlolongo imejaa fleti. Kwake yeye karakana ni sanduku zuri la zana, meza inayokunjwa na jiliwa dogo, yaani vaisi, linalobanwa ukingoni mwa meza. Kazi za kuchomelea na kukata chuma azipeleke kwa fundi barabarani, kwa maana roshani ya ghorofa ya nne si mahali pa cheche. Wengine hununua kontena la futi 20 na kuliweka kwenye ploti tupu. Ndani lina upana wa mita 2.35 na urefu wa karibu mita 5.9, hufungwa kwa kufuli imara, na huhamishika. Ila lina joto kali mchana, na kila dirisha linalokatwa ubavuni hupunguza nguvu za bati lenye mikunjo, hivyo fremu ya chuma ichomelewe kuzunguka tundu kabla ya kuingiza kioo. Kontena pia lazima liunganishwe na waya wa ardhi, kwa sababu waya mmoja uliochubuka humo hulifanya kontena zima kuwa na umeme.

Kabla ya jiwe la kwanza, hali ya ardhi ithibitishwe. Wakazi wa ukanda huu wana sababu ya kuwa waangalifu kuliko wengine. Novemba 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau, mtaa jirani, katika mgogoro wa ardhi ya uwanja wa ndege. Oktoba 2023, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi iliyozozaniwa Mavoko ni mali ya kampuni ya East African Portland Cement, matingatinga yaliangusha nyumba za watu walioamini kwamba wamenunua ploti kihalali. Upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi, pamoja na mpima ardhi kuonyesha bikoni zilipo, hugharimu kidogo sana ukilinganisha na ukuta mmoja. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka pia idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kujenga, na banda la mawe lenye paa ni jengo kama majengo mengine.

Sakafu ndiyo sehemu ngumu zaidi ya kazi yote hapa, na sababu ni udongo. Sehemu kubwa ya tambarare za Athi imefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mafundi wa ujenzi huuita bleki kotoni. Udongo huu una madini yanayonyonya maji kati ya matabaka yake na kuvimba, kisha yakikauka husinyaa na kuacha nyufa pana zinazomeza vidole vya mtu. Mlolongo hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na katikati yake ukame wenye jua kali. Maana yake ni kwamba ardhi hupanda na kushuka mara mbili kwa mwaka. Zege lililomwagwa juu ya udongo huo moja kwa moja hupasuka hata liwe na saruji nyingi kiasi gani, kwa sababu kinachosogea ni kitanda lililolalia. Nyufa zenye ncha moja iliyo juu kuliko nyingine, ambazo hukwaza magurudumu ya jaki, ndizo dalili ya kosa hilo, na hakuna plasta inayolitibu.

Dawa ni kuuondoa udongo wenyewe. Udongo mweusi huchimbwa na kutolewa wote hadi kufikia moramu au mwamba wa volkano ulio chini yake. Kina hutofautiana sana kutoka ploti hadi ploti, hivyo shimo moja la majaribio lichimbwe kabla ya kupatana bei na wachimbaji. Pengo linalobaki hujazwa mawe ya hadkoo yaliyopangwa na kushindiliwa, kisha moramu kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa mashine ya kukodi. Kushindilia kwa miguu na kipande cha gogo hakutoshi chini ya gari. Juu ya moramu hutandikwa karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia unyevu, kisha wavu wa chuma wa BRC ulioinuliwa kwa vipande vya zege ili ukae katikati ya unene, wala usilale chini kwenye plastiki kama inavyofanyika mara nyingi.

Zege la sakafu ya gari liwe na unene wa sentimita 12 hadi 13, kwa uwiano wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Kwa karakana ya mita 3 kwa 6 hiyo ni mita za ujazo 2.25 hivi, nazo hula takriban mifuko 15 ya saruji ya kilo 50. Maji ya kuchanganyia yapimwe na yawe matamu. Maji ya visima virefu katika ukanda wa Athi River mara nyingi yana chumvi, na chumvi hula wavu wa chuma ulio ndani ya zege polepole, miaka mingi baada ya fundi kulipwa na kwenda zake. Sakafu ipewe mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea mlangoni, ili maji ya kuosha na ya mvua yatoke yenyewe. Katikati ya urefu, siku moja baada ya kumwaga, ukatwe mfereji mwembamba wa kina cha sentimita 3 hadi 4 kutoka ukuta hadi ukuta. Zege husinyaa linapokauka na litapasuka mahali fulani. Mfereji huo hulichagulia mahali.

Kisha kuna kumwagilia. Upepo mkavu wa tambarare hunyonya maji ya juu ya zege kabla saruji haijamaliza kushikana, na sakafu hubaki na uso wa unga unaotoa vumbi kila unapofagiwa. Siku saba mfululizo zege lifunikwe kwa magunia mabichi au plastiki na lisiachwe likauke hata mchana mmoja. Gari lisubiri siku 28. Nje, kuzunguka kuta, utengenezwe ukingo wa zege wenye upana wa mita moja unaoteremka kwenda mbali na jengo, na maji ya paa yachukuliwe na mifereji hadi kwenye tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua nzuri ya milimita 20 juu ya banda la mita za mraba 18 hutoa lita 360 za maji matamu. Faida hapo ni mbili: udongo mweusi ulio nje ya kuta haulowi, na karakana ina maji ya kuchanganyia zege la kazi inayofuata.

Kuta za mawe ya kukatwa kwa mashine hazina matata zikiwa zimesimama juu ya msingi uliofika kwenye mwamba au moramu. Madirisha yawekwe upande wa kaskazini na kusini. Mlolongo iko karibu sana na ikweta, jua hupita juu ya kichwa, na kuta zinazopigwa na miale ya moja kwa moja ni za mashariki na magharibi. Upepo nao huvuma zaidi kutoka mashariki mwaka mzima, ukibeba vumbi la machimbo, la viwanda vya saruji vya Athi River na la malori yanayosubiri kupimwa uzito kwenye mizani. Mlango mkubwa unaotazama mashariki hukusanya vumbi hilo kama koleo. Ploti ikiruhusu, mlango utazame magharibi au kaskazini. Chini ya mabati itandikwe dari ya mbao nyembamba au karatasi ya kuzuia joto, la sivyo saa nane za mchana za Februari hakuna kazi itakayofanyika humo. Mapengo kati ya paa na ukuta yafungwe kwa wavu, hewa ipite na ndege wasipite.

Umeme ndio sehemu ya pili inayostahili fedha kabla ya mashine. Nyumba nyingi za Kenya zina laini ya fezi moja ya volti 240, na soketi ya kawaida ya pini tatu imetengenezwa kubeba ampea 13. Mashine ya kuchomelea ya invata, ikitumia fito za milimita 2.5, huvuta ampea 15 hivi kutoka ukutani, na kwa fito za milimita 3.2 huvuta 20 au zaidi. Mtu anayeichomeka kwenye soketi ya sebuleni kwa ekstensheni ndefu huona plagi ikigeuka rangi ya kahawia, kisha fyuzi ikikatika, kisha fyuzi ikibadilishwa kwa kipande cha waya wa shaba. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayochoma nyumba, kwa sababu waya uliomo ukutani hauna tena kitu cha kuulinda.

Karakana ivutiwe laini yake kutoka kwenye kisanduku kikuu, na iwe na kisanduku chake kidogo cha breka. Laini ya mashine ya kuchomelea iwe ya waya wa milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32. Soketi za kawaida zitumie waya wa milimita 2.5 za mraba, na taa milimita 1.5. Taa ziwe na breka yake peke yake, ili mashine ikikata umeme mtu asibaki gizani mkono ukiwa karibu na diski inayozunguka. Kisanduku kiwe na swichi ya usalama inayokata umeme mara tu unapovuja kiasi cha miliampea 30, kiwango kinachookoa maisha ya mtu aliyeshika kifaa kibovu. Kazi yenyewe ifanywe na fundi aliye na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli. Mwenye nyumba anaweza kuchimba mtaro na kupitisha mabomba ya nyaya mwenyewe, na hapo ataokoa fedha nyingi za kibarua bila kugusa umeme.

Nyaya za bandia ni tatizo la kweli madukani, na mnunuzi anaweza kujikinga kabla ya kulipa. Mbali na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, kuna njia rahisi ya kupima. Ncha ya waya hukwanguliwa kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, na ikitokea rangi nyeupe chini ya ngozi nyembamba ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo hupata joto zaidi kwa mzigo uleule. Sumaku ndogo hufichua waya wa chuma uliopakwa rangi. Roli lenye uzito mdogo kuliko jingine la kipimo kilekile limepunjwa shaba.

Waya wa ardhi unahitaji maneno yake. Fito ya shaba hupigwa ardhini ili umeme unaovuja upate njia ya kukimbilia. Udongo mweusi ukiwa mbichi hupitisha umeme vizuri sana, na fundi anayepima Aprili ataridhika. Ukifika Septemba udongo uleule umesinyaa na kujitenga na fito, na pengo la hewa limeizunguka shimoni. Kinga ambayo ilikuwepo wakati wa mvua haipo tena, na hakuna taa inayotoa taarifa. Kwa hiyo fito iwe ndefu, ipigwe mahali penye kivuli karibu na tangi la maji, ijengewe kisima kidogo chenye kifuniko, na imwagiwe ndoo ya maji mara kwa mara wakati wa kiangazi. Kipimo cha kuaminika ni kile kilichochukuliwa mwisho wa ukame.

Kwa taa, eneo la mita za mraba 18 linahitaji mirija minne au mitano ya LED yenye urefu wa futi nne, ikipangwa ili mmoja uwe juu ya benchi na kidogo mbele yake, kivuli cha mfanyakazi kisiangukie kazi. Kuta na dari zikipakwa rangi nyeupe, mwanga uleule huonekana kama umeongezwa. Rangi ni nafuu kuliko taa.

Benchi la kazi lijengwe papo hapo, kwa kipimo cha mtu atakayelitumia. Sehemu ya juu ifike usawa wa kifundo cha mkono mtu akisimama wima mikono ikining'inia, ambao kwa watu wengi ni kati ya sentimita 85 na 95. Miguu ya mbao za saiprasi za inchi 4 kwa 2, zikiunganishwa mbilimbili, na uso wa mbao za inchi 2 hutosha kwa kazi nyingi. Uzito ndio sifa ya kwanza ya benchi: linalotikisika hupoteza nguvu za kila pigo la nyundo na kuharibu kila mkato wa msumeno. Liunganishwe na ukuta kwa bolti. Jiliwa lifungwe juu ya mguu mmoja wa benchi badala ya katikati ya ubao, na meno yake yafike usawa wa kiwiko. Hapo tupa husukumwa kwa uzito wa mwili wote na mgongo hauumi. Jiliwa la inchi 6 la chuma kizito, hata likiwa la mitumba, ni ununuzi bora kuliko mashine yoyote ya umeme ya bei hiyohiyo.

Zana za mkono hutangulia: seti moja ya spana za milimita, bisibisi nzuri, koleo, nyundo mbili, msumeno wa mbao na wa chuma, tupa, patasi, tindo, randa, pimamaji, skwea na futi. Baada ya hapo kila kifaa kinunuliwe kazi inapokidai. Wakazi wa Mlolongo wana bahati ya kuwa karibu na soko. Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, huanzia hapohapo Mlolongo na kwenda kilomita 27 hivi hadi Westlands. Eneo la Viwanda liko njiani, na Kamukunji haiko mbali. Hakuna haja ya kulimbikiza tyubu, engo laini na misumari kana kwamba duka liko siku mbili mbali. Kamukunji yenyewe, ambako mafundi wa jua kali wamekuwa wakifua chuma kwa vizazi kadhaa na ambako ziara ya Rais Moi mwaka 1985 ilifuatiwa na kujengwa kwa mabanda ya kufanyia kazi, bado ni mahali pazuri pa kununua masanduku ya zana na mikokoteni iliyotengenezwa kwa mikono. Rafu na mbao za kutundikia zana mtu anaweza kujitengenezea mwenyewe, na ni mazoezi mazuri ya mwanzo.

Grainda huhitaji tahadhari ya pekee, kwa maana ndiyo mashine inayojeruhi zaidi katika karakana ndogo. Grainda ya inchi nne na nusu huzunguka mara 11,000 kwa dakika, na diski zake zimeandikwa kikomo cha mara 13,300. Diski ya inchi 9 ina kikomo cha 6,650 tu. Mafundi wengine huondoa kinga na kufunga diski kubwa kwenye mashine ndogo ili wapate mkato mrefu. Ukingo wa diski hiyo basi hukimbia mita zaidi ya 130 kwa sekunde, ilhali ilitengenezwa kuhimili mita 80. Ikipasuka, vipande huruka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 470 kwa saa kuelekea uso na shingo. Hakuna kazi inayostahili hatari hiyo. Diski pia huzeeka: gundi yake hudhoofika, na tarehe ya mwisho wa matumizi huchapwa kwenye pete ndogo ya chuma iliyo katikati. Iliyopitwa na wakati au iliyoanguka sakafuni itupwe.

Mbao nazo zina tabia yake hapa. Saiprasi inayouzwa mara nyingi bado ni mbichi, na hewa ya Mlolongo ni kavu. Kabati lililoundwa wiki mbao zilipofika hupinda na kufungua viungio kabla ya mwaka kwisha. Mbao zipangwe kivulini, juu ya sakafu, na vijiti vya unene mmoja kati ya kila safu, kisha zipewe wiki kadhaa. Kwa upande mwingine, ukavu huohuo ni neema kwa chuma. Zana ambazo Mombasa zingeota kutu kwa hewa ya chumvi hukaa hapa zikiwa safi kwa kupanguswa na kitambaa chenye mafuta. Adui wake hapa ni vumbi, ambalo huingia kwenye matundu ya mota. Drili na grainda zikae ndani ya sanduku lenye kifuniko, zisiachwe kwenye rafu.

Kuchomelea kufanyike karibu na mlango ulio wazi, kwa kofia yenye kioo cha giza namba 10 au 11. Miwani ya jua, ambayo imezoeleka kando ya barabara, hupunguza mng'ao lakini haiwezi kuikinga mboni dhidi ya miale inayoiunguza, na maumivu ya macho yanayokuja usiku wa manane ni jeraha halisi. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Mafundi wengi hunywa maziwa kujikinga. Maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni, kwa hiyo hayasaidii. Kinachosaidia ni kusaga zinki kutoka mahali pa kuchomelea, na kusimama upande upepo unapotokea. Petroli, tina na rangi visikae chumba kimoja na cheche. Kizima-moto cha unga na ndoo ya mchanga vikae karibu na mlango, pale mtu anapokimbilia. Injini isiachwe ikinguruma ndani mlango ukiwa umefungwa, wala jenereta, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Gari lililoinuliwa kwa jaki liwekewe stendi za chuma kabla ya mtu kuingia chini, hata kwa dakika moja. Mawe ya ujenzi hayatumiki mahali pa stendi, kwani hupasuka ghafla.

Oili iliyotumika ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na ipelekwe kwa wakusanyaji wenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Ikimwagwa kwenye mtaro, udongo mfinyanzi hauinyonyi. Mvua huisukuma hadi Mto Athi, ambao huteremka kwa jina la Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Watu na mifugo hunywa maji hayo njia nzima.

Kelele ndilo jambo linalovunja ujirani. Kanuni za kelele za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na katika maeneo ya makazi huruhusu desibeli 35 tu nje ya nyumba katika muda huo. Mchana ni 50. Grainda kwa karibu hufikia 100 hivi. Kwa hiyo kazi ya chuma ifanywe mchana na kwa vipindi vifupi, na jioni zibaki za kupima, kuchora, kupaka rangi na kuunganisha. Jirani aliyeambiwa mapema kwamba Jumamosi asubuhi kutakuwa na kukata chuma huvumilia mengi.

Anayeanza kupokea kazi za watu kwa malipo huwa ametoka kwenye karakana ya nyumbani na kuingia kwenye biashara. Hapo atahitaji kibali cha biashara cha kaunti na pengine idhini ya kubadilisha matumizi ya ploti, na akiajiri msaidizi, mahali pake panaingia chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Atafaidika pia kwa cheti. Mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wa daraja la tatu hadi la kwanza, humpima mtu kwa kazi ya mikono yake, na aliyejifunzia nyumbani anaweza kuufanya sawa na aliyepitia chuoni. Kituo cha NITA cha Athi River kiko kilomita chache tu kutoka Mlolongo.